Kovu Ndani ya Jicho Zima

Kwa miaka thelathini Nyakio aliamini kwamba jicho lake la kushoto lilidonolewa na jogoo. Ndivyo mama yake, Wangare, alivyomweleza tangu utotoni, na ndivyo majirani wa Longonot walivyojua. Mtoto alikuwa ameketi uani na kipande cha kiazi mkononi, jogoo akaruka, akakosa kiazi. Siku hiyohiyo baba mtu akawachinja kuku wote wa boma, kumi na wanne, na tangu hapo hapakufugwa kuku tena pale. Nyakio mwenyewe hakukumbuka lolote. Lakini alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, hata akadhani anakumbuka manyoya usoni.

Jicho la bandia alilovaa lilibadilishwa mara tatu akiwa bado anakua. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Nakuru kujifunza ushonaji, akabaki hukohuko. Alipata kibanda kidogo nyuma ya soko, akaweka cherehani mbili, akawa fundi wa yunifomu za shule. Sketi zake za marinda zilijulikana. Kutia uzi kwenye tundu la sindano ndiko kulikomsumbua zaidi, kwa sababu mtu wa jicho moja hajui vizuri kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Akajizoeza kuigusa ncha ya uzi kwa ulimi, kisha kuipeleka kwa kidole. Alikuwa hakosi.

Maxwel Omolo alikutana naye hapo kibandani alipoleta ovaroli yake ishonwe goti. Babu yake Maxwel aliletwa Nakuru na kazi ya reli, na yeye mwenyewe alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha kusaga unga. Aliuliza habari ya jicho mara moja tu. Aliposikia ni jogoo alicheka kidogo, halafu akaomba msamaha kwa kucheka, na siku iliyofuata akarudi na ovaroli nyingine ambayo haikuwa imepasuka popote. Walifunga ndoa kanisani. Walipanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Shabab, na mwaka wa pili wakapata binti, Lynn.

Lynn alikuwa na miezi kumi na minne, na Nyakio alikuwa na mimba ya miezi minne ya mtoto wa pili, siku Maxwel alipompiga picha mtoto kwa simu sebuleni. Taa ya simu ilimulika. Maxwel akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Mama Lynn, hebu kuja uone. Hii jicho moja imetoka nyekundu, hii ingine imetoka nyeupe."

"Ni simu yako mbovu."

Akapiga nyingine. Jicho la kushoto likatoka jeupe tena, kama sahani iliyopigwa na jua. Ndipo Nyakio akakumbuka kwamba jioni fulani, akimnyonyesha karibu na dirisha, alikuwa ameona kitu kikimetameta ndani ya jicho hilo, kama jicho la paka, akadhani ni machozi.

Asubuhi yake walikwenda kliniki. Muuguzi alimulika macho ya Lynn kwa tochi ndogo, mara moja kila upande, kisha akaketi na kuanza kuandika barua. Ilikuwa barua ya kuwapeleka Nairobi, kwenye hospitali ya macho, na juu yake aliandika kwamba wasingoje.

Nyakio alimpigia mama yake.

"Maitu, Lynn ana shida ya jicho. Linang'aa jeupe. Wanatupeleka Nairobi."

Nyakio akadhani simu imekatika.

"Maitu?"

"Niko," Wangare akasema. "Usikimbilie huko. Mlete hapa kwanza, tumwombee na akina mama wa kanisa."

"Wamesema tusingoje."

"Hata wiki moja tu, Nyakio. Wiki moja itaharibu nini?"

Nyakio aliona ajabu, maana mama yake hakuwa mtu wa kuogopa hospitali. Lakini hakuuliza zaidi. Maxwel alinyimwa ruhusa kazini wiki hiyo, kwa hiyo Nyakio alikwenda Nairobi peke yake na mtoto mgongoni.

Daktari aliyewapokea aliitwa Jepleting, mwanamke mrefu wa maneno machache. Lynn alilazwa kwa nusu kaputi ili macho yake yachunguzwe vizuri. Nyakio alingoja kwenye kiti cha plastiki akiwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, kwa maana cha pili kilikuwa kimeenda naye ndani. Baada ya saa nzima daktari alimwita ofisini, akamwonyesha picha kwenye kompyuta.

"Mama Lynn, nitasema polepole, na ukiwa hujaelewa nisimamishe. Hii ni saratani ya jicho. Inawapata watoto wadogo. Jicho la kushoto limejaa, halioni tena. Tukiliacha, ugonjwa utafuata mshipa mpaka kwenye ubongo. Hilo itabidi litoke."

Nyakio aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali, ingawa hakuwa amekubali kitu.

"La kulia lina vivimbe vitatu, vidogo. Hivyo tunaweza kuvipiga kwa leza na kuliokoa jicho."

"Leza ndiyo nini, daktari? Ni kama eksirei?"

"Ni mwanga. Mwembamba sana. Unapita katikati ya mboni bila kukata popote, unafika nyuma ya jicho na kukichoma kile kivimbe kwa joto. Mtoto anakuwa amelala, hasikii kitu. Kikichomeka vizuri kinanyauka, kinabaki kovu. Lakini hakichomeki kwa siku moja. Tutawaita kila baada ya wiki nne, na atapewa pia dawa ya mshipani ya kuvipunguza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vitulie."

Kisha daktari akamtazama yeye, si picha.

"Na wewe, hilo jicho lako?"

"Mimi nilidonolewa na jogoo nikiwa mtoto."

"Mwaka mmoja hivi? Mwaka na nusu?"

"Hivyo ndivyo mama anasema."

Daktari Jepleting hakucheka. Alimwomba ruhusa amtazame jicho lake zima, akamtia matone, akangoja mboni ifunguke, kisha akavaa taa kichwani na kuinama. Angalia juu. Angalia kulia. Angalia chini. Sasa tulia hapo. Mwanga ulikuwa mkali hata Nyakio akaona mishipa ya jicho lake mwenyewe, kama matawi ya mti yasiyo na majani. Daktari alikaa hapo muda mrefu.

"Nyuma ya jicho lako kuna kovu," alisema alipovua taa. "Ni la zamani sana. Kuna watu wachache ambao kivimbe chao kinazimika chenyewe bila matibabu. Inaonekana chako kilizimika ukiwa mdogo."

"Sielewi."

"Huu ugonjwa wa Lynn, mama, hata wewe ulikuwa nao. Katika jicho hili, na nafikiri katika lile lingine pia. Sidhani kama ni kuku."

Nyakio alishika tumbo bila kujua. Daktari aliuona mkono, akautazama, na Nyakio akajua swali linalofuata kabla hajaliuliza. Alimjibu kwamba ni miezi minne.

"Ugonjwa huu ukiwa kwenye damu ya mzazi, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi," daktari akasema. "Hakuna aliyekosea. Lakini huyo aliye tumboni nataka kumwona ndani ya wiki yake ya kwanza. Kivimbe tukikikuta kikiwa kidogo kabisa, leza peke yake inaweza kutosha."

"Mume wangu usimwambie," Nyakio akasema. Alishangaa jinsi lilivyotoka haraka. "Habari ya Lynn nitampa yote. Hii yangu nitamwambia mwenyewe."

"Ni habari yako. Siwezi kuisema bila wewe. Ila usichelewe."

Alichelewa wiki sita.

Si kwamba alipanga kuficha. Siku ya kwanza alirudi Nakuru amechoka, na kumweleza Maxwel kwamba binti yao atatolewa jicho kulitosha kwa siku moja. Maxwel aliingia bafuni, akafungua mfereji ili asisikike. Siku ya pili ndugu zake walijaa nyumbani. Siku ya tatu Nyakio akajiambia ni bora operesheni ipite kwanza. Na kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa angelazimika kueleza si ugonjwa tu bali pia kimya chake.

Operesheni ilipofika, Maxwel alikuwepo. Walikaa wote wawili ukumbini. Lynn alikuwa ndani, jicho la kushoto likitolewa na la kulia likipigwa leza kwa mara ya kwanza.

"Kwetu hakuna kitu kama hii," Maxwel akasema. "Nimepiga simu mpaka kwa wazee kule Alego. Hakuna hata mmoja. Kwenu je?"

"Hakuna," Nyakio akajibu.

Aliisikia sauti yake ikilitamka neno hilo, nyepesi, bila kutetemeka, na akaogopa. Alitaka kulirudisha. Lakini mlango ulifunguliwa, muuguzi akaita jina la Lynn, na Maxwel alikuwa ameshasimama.

Baada ya hapo aliishi kama mtu aliyebanwa mlangoni, haingii wala hatoki. Kibandani alishona huku mlango umerudishwa nusu ili wateja wasimwone akilia. Shangazi mmoja wa Maxwel alisema wazi kwamba mtoto ametazamwa vibaya na mtu mwenye kijicho, akataja jirani wa mlango wa pili, mama wa watu asiye na kosa. Nyakio alikuwa na neno moja la kumtetea, na hakulitoa. Kanisani walimwombea Lynn mbele ya watu wote, na mchungaji akaomba Mungu afunue chanzo. Nyakio aliinamisha kichwa. Tumboni mtoto alikuwa ameanza kucheza, na kila alipopiga teke mama yake alihesabu bila kutaka: nusu kwa nusu, nusu kwa nusu. Hangeweza kuisimamisha mimba. Hangeweza kuiharakisha. Hangeweza kulivua jicho lake na damu iliyolizunguka akaviacha kando ya barabara.

Katika wiki ya sita, mvua za Aprili zikiwa zimeanza, alimwachia Maxwel mtoto na kwenda Longonot.

Wangare alikuwa jikoni akimenya viazi. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, kwa hiyo walizungumza karibu kupigiana kelele, ingawa walikuwa wawili tu.

"Maitu, daktari ameangalia jicho langu. Hili zima."

Kisu kikasimama.

"Nani alimwambia aangalie?"

"Ameona kovu. Amesema nilikuwa na ugonjwa wa Lynn. Sasa niambie wewe, kwa mdomo wako."

Wangare alikiweka kiazi ndani ya sufuria, akafuta mikono kwenye leso, akaifuta tena.

"Uling'aa kama huyo wako," alisema. "Jioni, ukigeukia moto. Daktari Mzungu akatuambia jicho litolewe ama tukuzike. Baba yako akakataa. Alisema mtoto wa kike mwenye jicho moja ataolewa na nani. Nikambeba mtoto wangu nikaenda nikatia kidole kwenye karatasi, peke yangu. Siku thelathini nilikaa huko na wewe. Nikirudi, watu wameshasema kuna laana kwetu, kwamba mamangu alikula kiapo cha kupigana na mkoloni wakati wa Emergency akakivunja. Wanawake wa kisimani walikuwa wanaondoa watoto wao nikija. Ungekuaje hapa, Nyakio? Ungechezea na nani? Kwa hivyo nikasema ni jogoo. Nikasema hiyo laana ni uongo, jicho lilidonolewa, ndiyo hospitali ikalitoa. Na baba yako, kwa aibu ya kukataa, akanisaidia kwa hilo moja. Akachinja kuku ili watu waamini."

"Na daktari alikwambia kwamba watoto wangu wanaweza kuupata?"

"Alisema."

"Ulinipeleka kanisani, ukaniozesha, ukakaa kwa meza ya harusi yangu, na ulijua."

"Nilijua inaweza. Inaweza si itakuwa. Nilikuwa naomba." Wangare sasa hakumtazama. "Kila mkija hapa nilikuwa namgeuza mtoto upande wa mwanga, naangalia."

Nyakio aliyasikia maneno hayo, akayapima. Mara ya mwisho kuja na Lynn ilikuwa Krismasi.

"Krismasi uliangalia?"

Mvua iliendelea kupiga. Wangare aliokota kisu, akakiweka tena.

"Maitu. Krismasi uliona?"

"Niliona."

Kutoka Krismasi hadi siku ya ile picha ya simu ilikuwa karibu miezi miwili. Nyakio hakupiga kelele. Alisimama, akachukua mwavuli, na mama yake akasema angoje chai, maji yameshachemka. Nyakio alitoka. Alipofika barabarani aligundua kwamba mwavuli ulikuwa mkononi, umefungwa, na yeye amelowa mwili mzima.

Jioni hiyo alimweleza Maxwel yote, tangu kovu hadi Krismasi, wakiwa wamekaa mezani na Lynn akiwa magotini mwa baba yake na kitambaa cheupe kwenye jicho. Maxwel alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua lini?"

"Ile siku ya kwanza."

"Wiki sita."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Pale ukumbini, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Maxwel alimkabidhi mtoto, akatia nguo chache kwenye mfuko, akaenda kwa dada yake mtaa wa Free Area. Siku nne hakupiga simu. Nyakio alikuwa na mimba ya miezi karibu sita, na siku ya leza ya Lynn ilikuwa Jumanne. Jumatatu alifunga vitu vyote mwenyewe: nepi, blanketi, chupa ya uji wa baada ya nusu kaputi, barua za hospitali. Jumanne alfajiri alipofungua mlango, Maxwel alikuwa amesimama nje na jaketi la kazini, ameegemea ukuta, haijulikani tangu saa ngapi. Alimchukua Lynn, akachukua na mfuko.

Gari lilifika Naivasha.

"Sikukasirikia damu," Maxwel akasema hapo. "Damu hukuichagua. Nilikasirikia wiki sita. Usinifanyie hivyo tena, Mama Lynn."

"Sitafanya."

"Na yule jirani tutaenda kumwomba msamaha. Wewe na mimi."

Walikwenda. Jirani aliwapokea vizuri lakini hakuwakaribisha kuketi.

Ikawa ndiyo maisha yao, kila baada ya wiki nne. Lynn hakuruhusiwa kula kitu tangu asubuhi, na aliujua ukumbi ule mapema kuliko walivyotarajia. Wakifika tu kwenye kona yenye picha ya samaki ukutani alianza kujipindapinda mgongoni na kulia kwa sauti iliyokwaruza. Nywele zake zilitoka zote kwa zile dawa za mshipani. Nyakio alikuwa akimshika wakati wanamvika barakoa ya usingizi, akimwimbia, mpaka mwili wa mtoto ulegee mikononi mwake, kisha aliambiwa atoke. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Alijua kwamba nyuma ya mlango ule mtu ameinama na taa kichwani na kulenga mwanga kwenye kitu kidogo kama punje ya mtama, na kwamba pembeni ya punje hiyo ndipo uwezo wa binti yake wa kuona ulipo. Mkono ukisogea kidogo, basi. Alijua pia kwamba asipomleta, mtoto atakufa. Hakuna mlango mwingine uliokuwepo.

Baada ya kila leza daktari aliwaonyesha picha. Mwezi wa pili vivimbe viwili vilikuwa vimeanza kunyauka, vimegeuka vyeupe kama chaki na kuzungukwa na ukingo mweusi. Mwezi wa tatu cha tatu kilikuwa kimekua tena upande mmoja.

"Kimerudi?" Maxwel akauliza.

"Hakikuwa kimekwisha," Daktari Jepleting akasema. "Nimekipiga tena leo, na mwezi ujao nitakipiga tena. Kiko karibu na mahali ambapo jicho linaonea vizuri, ndiyo sababu naenda polepole. Siwezi kuwaahidi kitu."

Nyakio aliandika tarehe ya mwezi ujao nyuma ya barua ya hospitali.

Mtoto wa pili alizaliwa Nakuru mwezi wa Julai, msichana, wakamwita Adero. Wangare alikuja wodini na chupa ya uji wa wimbi. Alisimama mlangoni, hakuingia. Mama na binti hawakuwa wamezungumza tangu ile siku ya mvua.

"Ingia," Nyakio akasema mwishowe. "Usimgeuze kwenye mwanga. Mshike tu."

Wangare alimshika. Machozi yalimdondoka kwenye blanketi na hakuyafuta. Aliomba msamaha kwa Kikuyu, kwa maneno ya heshima ambayo mzazi hamwambii mtoto wake. Nyakio alimsikia, akanywa ule uji, lakini hakumwambia kwamba amesamehe, kwa sababu bado haikuwa kweli.

Siku ya sita tangu kuzaliwa Adero alichunguzwa. Nyakio alikuwa bado na nyuzi za uzazi, ameketi kwa upande. Daktari Jepleting alipotoka, Nyakio alimtazama mdomo, si macho.

"La kushoto ni safi," daktari akasema. "La kulia lina kimoja. Ni kidogo kuliko kichwa cha pini."

Nyakio hakulia. Kwa miezi mitano alikuwa ameliogopa neno hilo, na lilipokuja alihisi tu kwamba ukuta ambao alijua upo sasa ameugusa.

"Sikilizeni," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akaketi kati yao. "Vya Lynn tulivikuta vimejaa jicho. Huyu nimemkuta siku ya sita. Akifikisha wiki tatu nitampiga leza. Bila dawa za mshipani, bila kisu. Ninyi ndio mmeniwezesha kumwona mapema hivi."

Adero alipigwa leza mara mbili, wiki ya tatu na wiki ya saba. Mara ya tatu daktari alikuta kovu tupu, bapa, akasema hakuna cha kuchoma. Kovu lilikuwa pembeni, mbali na mahali pa kuonea. Alipofikisha miezi minne Adero alikuwa akiyafuata macho ya mama yake chumba kizima, yote mawili yakicheza pamoja. Nyakio alimtazama hivyo kwa saa nzima siku moja, uji ukaungua.

Kile kivimbe kigumu cha Lynn kilitulia kwenye leza ya tisa. Kilichukua sehemu ya uwezo wake wa kuona, kwa hiyo anasogeza vitabu karibu na kugeuza kichwa kidogo kulia anapomtazama mtu. Lakini anaona. Anajua rangi zote, na anakataa kuvaa sketi ya kijani kwa sababu ni ya shule ya watoto wabaya. Amevaa jicho la bandia upande wa kushoto na analitoa mwenyewe akitaka kumtisha binamu yake.

Siku moja mteja kibandani, mwanamke kutoka Rongai aliyeleta vipimo vya mtoto wake, alimuuliza Nyakio kwa upole kama yeye na binti yake walipata ajali pamoja. Nyakio alizima cherehani.

"Ni saratani," akasema. "Yangu na yake. Tulizaliwa nayo."

Mwanamke yule alirudisha kiti nyuma kidogo, kama kwamba inaambukiza, akachukua vipimo vyake akasema atarudi. Hakurudi. Nyakio alihuzunika siku hiyo, na ya pili. Wiki iliyofuata mteja mwingine aliuliza na akamjibu vilevile, na huyo wa pili alikaa mpaka saa nane akiuliza maswali, kisha akatoa simu na kumulika macho ya mtoto wake.

Mama yake Longonot hajamwambia mtu yeyote. Nyakio amemwomba mara mbili. Wangare anasema wale walioisambaza laana bado wako hai, na yeye hana nguvu ya kuanza nao upya. Wanapigiana simu Jumapili. Wanaongea habari za mvua na viazi.

Mwezi uliopita walikwenda tena Nairobi, wote wanne. Lynn sasa anaitwa kila baada ya miezi mitatu, Adero vilevile, na Nyakio mwenyewe mara moja kwa mwaka. Nusu kaputi mbili kwa asubuhi moja, mmoja akitoka mwingine akiingia. Nyakio alikaa na kiatu kimoja cha kila mtoto mapajani. Daktari Jepleting alitoka saa tano na kusema hakuna jipya.

"Tutaacha lini kuja?" Maxwel akauliza. Huwa anauliza kila mara.

"Hawa wakiingia shule ya msingi tutapunguza. Kuacha kabisa, hapana. Hata mama yao hajaacha."

Wakiwa njiani kurudi walisimama Mai Mahiu kwa sababu watoto walikuwa na njaa ya tangu alfajiri. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu kando ya barabara, moshi wa mahindi ya kuchoma ukitambaa chini yake. Lynn alikula mahindi mawili mfululizo. Adero alinyonya ya kwake tu, akayarudisha kwa baba yake yamelowa. Maxwel alimnyooshea mkewe kipande, naye Nyakio akatikisa kichwa. Huwa hali kitu siku ya hospitali mpaka wafike nyumbani. Alikuwa ameshika kadi mbili za kliniki, akisoma tarehe inayofuata. Ilikuwa imeangukia katikati ya msimu wa yunifomu. Alizitia kadi kwenye mkoba, akafunga zipu, akasema ni heri waondoke kabla mvua haijawakuta njiani.